Maswali Yenu: Mbwembwe za Nahodha Atobe

Barua za mwezi huu zimemwangukia mtu mmoja: Atobe Keigo, nahodha wa tenisi wa shule ya Hyotei katika The Prince of Tennis ya Konomi Takeshi. Manga hiyo, yaani hadithi ya katuni ya Kijapani, ilianza kutoka katika jarida la Weekly Shonen Jump mwaka 1999 ikaisha 2008 ikiwa na majuzuu 42. Anime yake ya televisheni ilirushwa Japani kuanzia 2001 hadi 2005, vipindi 178. Kwa msomaji aliyechelewa basi: Atobe yuko mwaka wa tatu wa sekondari ya chini, ni rais wa serikali ya wanafunzi vilevile, na nyuma yake kuna wanachama wapatao 200 wa timu wanaoliimba jina lake. Kabla ya mechi anapiga kidole, umati wote unanyamaza ghafla, anatangaza kwamba mshindi ni yeye, kisha jaketi linaruka hewani.

"Shikamoo mhariri. Kwenye ile Rondo ya Maangamizi ya Atobe, smeshi (pigo la nguvu kutoka juu ya kichwa) ya kwanza inampiga mpinzani kwenye kifundo cha mkono hadi raketi inadondoka, na ya pili inachukua pointi. Mwenzangu anasema hiyo ni rafu, angetolewa uwanjani. Ni kweli?" — Mwanafunzi, Tanga

Marahaba. Mwenzio amekosea, lakini Atobe naye anajipa kazi ya bure. Sheria za tenisi zinasema mpira ulio mchezoni ukimgusa mchezaji, au chochote alichovaa au kubeba isipokuwa raketi, mchezaji huyo amepoteza pointi. Mkono si sehemu ya raketi, hata ule ulioishika. Kwa hiyo smeshi ya kwanza ikishatua juu ya ngozi, pointi imekwisha, na ile ya pili ni pambo tu. Hali moja tu ndiyo inayoihitaji: mpira ugonge mpini wenyewe huku raketi ingali mkononi, urudi juu ukivuka wavu. Hapo mchezo unaendelea. Raketi ikianguka, mpinzani ana haki ya kuiokota na kupiga, ila mpira ukiigusa ikiwa chini, pointi si yake tena.

Kuhusu rafu, hakuna kifungu kinachokataza kumpiga mtu kwa mpira. Hutokea sana wachezaji wanapokaribiana wavuni, na ada ni kuinua mkono kuomba radhi. (Usisubiri Atobe afanye hivyo.)

Tatizo lake kubwa liko kwenye shabaha. Mtu aliyesimama nyuma ya mstari wa mwisho akipigwa mkononi kabla mpira haujadunda, pointi ni ya mpigaji, hata kama mpira ule ulikuwa unaelekea nje. Lakini akiukwepa, mpira unaofika usawa wa kiuno pale nyuma utadunda nje, na aliyepiga ndiye anayepoteza. Ukimwona mchezaji mwenye akili anakwepa badala ya kujikinga kwa raketi, ujue anaijua hesabu hiyo. Jina la pigo, hata hivyo, limechaguliwa vizuri. Rondo ni muundo wa muziki ambao wazo la kwanza hurudi tena baada ya kila kipande kipya, na kocha wa Hyotei, Sakaki, ni mwalimu wa muziki.

"Ndugu mhariri, nafundisha michezo shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wanabishana juu ya mechi ya Atobe na Tezuka, nahodha wa shule ya Seigaku, iliyoisha 37 kwa 35. Je, taibreka inaweza kufika huko? Na mtu anayehesabu atajuaje nani anapiga sevu, ule mpira wa kuanzisha pointi, na kutoka upande gani?" — Mwalimu, Kisumu

Mwalimu, inaweza. Wakifika gemu 6 kwa 6 inachezwa taibreka. Mshindi ni wa kwanza kufika pointi 7 akiwa amemzidi mwenzake kwa 2, na ile 2 haina dari. Mwaka 2013, kwenye mechi za kufuzu za shindano dogo la kulipwa huko Plantation, Florida, Benjamin Balleret alimshinda Guillaume Couillard taibreka ya 36 kwa 34. Hizo ni pointi 70. Za Atobe na Tezuka ni 72. Anime ilikuwa imeshamaliza kurushwa miaka mingi nyuma, kwa hiyo wale waliokuwa wakimcheka mchoraji ilibidi wapunguze sauti. Kwa wakubwa, Roger Federer alimfunga Marat Safin 20 kwa 18 kwenye nusu fainali ya Tennis Masters Cup ya 2004 kule Houston.

Sasa hesabu. Anayeanza anapiga sevu moja tu, kutoka kulia. Baada yake kila mmoja anapiga mbili mbili, ya kwanza kutoka kushoto na ya pili kutoka kulia. Asiye na mazoea hupotea kwa sababu anajaribu kukumbuka nani alipiga mwisho. Asikumbuke, ajumlishe pointi zote mbili. Jumla ikiwa shufwa, sevu inayofuata inatoka kulia. Ikiwa witiri, inatoka kushoto. Jumla ikigawanyika kwa 6, wachezaji wanabadilishana upande, na hapo hakuna kukaa chini. Kujua nani anapiga, ongeza 1 kwenye jumla, gawa kwa 2, achana na sehemu inayobaki: ukipata shufwa ni yule aliyeanza, ukipata witiri ni mwenzake. Mfano, 35 kwa 35: jumla 70, sevu inatoka kulia, 71 kwa 2 ni 35, witiri, kwa hiyo si aliyeanza. Mechi ile nzima iliwataka wabadilishane upande mara 11 ndani ya taibreka pekee.

Waeleze wanafunzi jambo moja zaidi ambalo matokeo yenyewe hayalionyeshi. Pambano la timu lina mechi tano: wawili wawili mara mbili, mmoja mmoja mara tatu. Atobe alipoingia, Seigaku walikuwa na ushindi 2, Hyotei 1, na mechi moja ilikosa mshindi kwa sababu wachezaji wote wawili waliumia. Ushindi wake ulileta sare tu, ikabidi watoke wachezaji wa akiba, na Hyotei wakafungwa. Zile nyimbo zote za watu 200, na taibreka yote ile, matunda yake yalikuwa nafasi ya kuendelea kupigana.

"Assalaam aleikum. Sisi ni kikundi kidogo tunaoandika tafsiri za Kiswahili chini ya picha. Tumekwama kwenye 'ore-sama', Atobe anavyojiita, na ule msemo wake maarufu wa kulewa. Wengine wametupendekezea 'Mheshimiwa mimi'." — Msomaji, Muscat

Waaleikum salaam. "Mheshimiwa" iacheni. Masikio ya Tanzania yakiisikia yanaona bunge, na kicheko kitakachotoka si kile mnachokitaka. "Mtukufu" nayo inanukia ikulu au ibada.

Tuanze na maana. "Ore" ni "mimi" ya kiume, ya kifua mbele, isiyotumika mbele ya wakubwa. "Sama" ni heshima ya juu kabisa anayopewa mtu mwingine, na Mjapani mwenye adabu hajiwekei mwenyewe, kama vile kwetu mtu hajijibu "marahaba" kabla hajaamkiwa. Maneno yote mawili yakikaa pamoja ni utovu wa adabu uliovaa koti la heshima. Kiswahili kinachokaribia ni "bwana mkubwa", kwa sababu neno hilo tayari lina kejeli ndani yake: "Bwana mkubwa mimi nimeshafika." Lakini msiliweke kila anapofungua mdomo. Kwa Kijapani "ore-sama" ni neno fupi linalopita haraka. "Bwana mkubwa mimi" ni refu, likirudiwa mara kumi kwenye kipindi kimoja linachosha. Sentensi za kawaida zibaki na "mimi", hilo lingine lingoje kilele.

Msemo wenyewe ni "ore-sama no bigi ni yoi na". "Bigi" ni pigo zuri, ufundi unaopendeza macho, na "yoi na" ni amri: lewa. Mna bahati hapa, kwa sababu Kiswahili kina "kulewa sifa" na "kulewa madaraka", hivyo mtu kulewa kitu kisicho pombe hakumshangazi yeyote: "Lewa ufundi wa bwana mkubwa!" Kijapani hakionyeshi kama anaambiwa mmoja au wengi, nyinyi mtalazimika kuchagua. Akimtazama mpinzani, "lewa". Akiwageukia mashabiki, "leweni".

Wimbo wa mashabiki, ule wa kumtaja mshindi Atobe na mshindwa fulani, umejitafsiri wenyewe: "Mshindi Atobe! Mshindwa Tezuka!" Silabi ya mwisho tu inawatenganisha, na kwa Kijapani maneno hayo nayo yanafanana, shosha na haisha. Ule mguno wake wa "aan?" jaribuni "ati?". Na Kabaji, lile jitu linalomfuata likijibu "usu" kwa kila analoulizwa, mpeni "naam" ya pwani, fupi, bila kuongeza neno.

"Nataka kuvaa kama Atobe kwenye maonyesho ya mashabiki. Nimejaribu kurusha jaketi nyumbani, linaning'inia shingoni. Na kidole changu hakilii." — Msomaji, Nairobi

Jaketi kwanza. Ukilivaa mikono ndani, hutalirusha kwa mkono mmoja hata ufanye mazoezi mwaka mzima. Liweke mabegani tu, mikono ya jaketi ikiwa tupu, zipu wazi mpaka chini. Nunua saizi moja zaidi ya yako. Kitambaa chepesi cha traksuti kinanasa hewa kikarudi usoni, kwa hiyo fungua pindo la chini kidogo, tia sarafu mbili kila kona, shona tena. Shika kola upande mmoja, bega la upande wa pili litangulie kushuka, kisha vuta kwa kupindisha kiuno, si kwa nguvu za mkono. Lielekee nyuma yako. Mbele kuna mpiga picha.

Kidole kinalia pale cha kati kinapoteleza kutoka kwenye gumba na kugonga nyama iliyo chini ya gumba. Watafiti wa Marekani walipima mwaka 2021 wakakuta tendo lote linachukua kama sehemu 7 kati ya 1,000 za sekunde, na kwamba siri ni msuguano: ukizidi, kidole hakitoki kwa kasi, ukipungua, hakihifadhi nguvu za kutosha. Ndiyo maana mikono yenye jasho au mafuta ya losheni haitoi sauti. Ifute, ikaushe. Kunja kidole cha pete na cha mwisho vigusane na kiganja ili pawe na ka-uwazi kadogo. Ukisikia "fs" badala ya "ta", kidole cha kati kinatua juu mno. Kilenge chini, kwenye mzizi wa gumba.

Kidoti cheusi kinakaa chini ya jicho la kulia, la kwake, si la anayemtazama. Wengi hukichora kwa wanja wakiwa mbele ya kioo, wakaridhika, halafu kamera ya mbele ya simu inageuza picha na wenzao wanawaambia wamekosea. Kagua mpangilio wa kamera kabla hujafuta uso.

"Anachofanya Atobe akiweka vidole usoni na kuona udhaifu wa mtu, kipo kweli?" — Msomaji, Bujumbura

Vidole usoni, hapana. Kuona, ndiyo, na mfano bora ni Andre Agassi, aliyesimulia kwamba aliusoma ulimi wa Boris Becker: kabla ya sevu Becker aliutoa kidogo, na mahali ulipoelekea palimwambia Agassi mpira unakwenda wapi. Alichokiona kigumu, alisema, ni kutoutumia ujuzi huo kila mara, Becker asije akashtuka. Hapo ndipo Atobe anapotuudhi sisi wapenzi wa mchezo wenyewe: anaona, kisha anatangaza kwamba ameona.

Ukitaka kuanza mahali rahisi, tazama mpira unaporushwa juu kabla ya sevu. Kwa anayetumia mkono wa kulia, ukirushwa kulia kwake, tarajia mpira unaokata pembeni. Ukirushwa juu ya kichwa au kushoto kidogo, utadunda juu sana. Ukiwa mbele yake ndani ya uwanja, unakuja ulionyooka na wa kasi. Wachezaji wazuri huurusha mahali palepale kwa sevu zote, ndiyo maana ujuzi huu unalipa zaidi kwenye mashindano ya shule kuliko kwa wakubwa.

"Mwanangu ana miaka 14. Tangu aone Tezuka akicheza na bega bovu dhidi ya Atobe, ananificha maumivu yake ili asikose mazoezi. Nifanyeje?" — Mama, Mombasa

Mama, mkumbushe hadithi yenyewe. Atobe aliirefusha mechi ile makusudi kwa sababu alijua mkono wa Tezuka una historia ya kuumia, na Tezuka alipokubali kuendelea, bega lilimshinda. Baada ya hapo alilazimika kuiacha timu yake akatibiwe. Sehemu hiyo watoto huiruka.

Kwa umri wa mwanao, mfupa wa juu wa mkono karibu na bega bado una sehemu laini ya kukua, dhaifu kuliko kano zinazouvuta. Maumivu ya hapo wakati wa kupiga sevu au smeshi yanataka daktari na mapumziko, na mapumziko hayo mara nyingi huhesabiwa kwa wiki au miezi. Mazoezi ya miguu anaweza kuendelea nayo daktari akiruhusu, kwa hiyo hakosi yote. Maumivu ya nje ya kiwiko akikamata kikombe yana chanzo kingine: kuchelewa kupiga mpira wa upande wa nyuma hivyo kifundo kinafanya kazi ya bega, nyuzi zilizokazwa mno, au mpini usiomfaa. Mpini upime hivi: ashike raketi, kisha apitishe kidole cha shahada cha mkono wake wa pili kati ya ncha za vidole na kiganja. Kikikwama, mpini ni mwembamba. Nafasi ikizidi, ni mnene. Fundi wa nyuzi mwambie ashushe ukazo. Paundi 45 hadi 50 zinamtosha mtoto. Na mipira iliyolowa iachwe, ni mizito.

"Sevu yake ya Tannhäuser haidundi kabisa, inateleza chini. Inawezekana?" — Msomaji, Dodoma

La. Mpira halali ukidondoshwa kutoka sentimita 254 kwenye sakafu ngumu lazima urudi juu kama sentimita 135 hadi 147. Usiporudi, hauruhusiwi mchezoni. Sevu inapigwa juu ya kichwa, inavuka wavu wa sentimita 91.4 katikati, na inatakiwa kutua ndani ya mita 6.40 kutoka wavuni. Kwa hiyo inashuka kwa pembe, na kinachoshuka kwa pembe kinadunda. Sevu ya kukata kwenye majani mafupi inaweza kubaki chini ya goti, na huo ndio mwisho wa maajabu. Jina ni la opera ya Richard Wagner iliyoonyeshwa mara ya kwanza Dresden mwaka 1845. Kijana aliyesoma shule ya msingi Uingereza, na ambaye chakula akipendacho ni nyama ya kuoka na pudingi ya Yorkshire, hawezi kuipa sevu yake jina la kawaida.

"Ni kweli Atobe alinyolewa?" — Wasomaji watatu tofauti, Zanzibar, Lubumbashi na Arusha

Ni kweli. Ilikuwa robo fainali ya taifa, ambako Hyotei waliingia kwa nafasi ya mji mwenyeji maana kwenye kanda ya Kanto walishatolewa. Timu zilikuwa 2 kwa 2. Atobe na Echizen Ryoma wa Seigaku, yule mdogo aliyewahi kumwita Atobe "mkubwa wa kilima cha nyani", waliwekeana kwamba atakayeshindwa ananyolewa. Taibreka ilifika 119 kwa 117. Atobe alizimia akiwa wima, mpira wa mwisho ukampita, na Ryoma akaitimiza ahadi.

Pointi 236. Sheria inaruhusu sekunde 25 kati ya pointi na pointi, kwa hiyo mapumziko peke yake yangeweza kufika dakika 98. Taibreka huhesabiwa kuwa gemu moja, na mipira haibadilishwi katikati yake. Kufikia mwisho ile ya Ryoma ingekuwa imepara kuliko kichwa kilichokuwa kikisubiri mashine. Na kwa kuwa matokeo ya 119 kwa 117 lazima yapitie 117 kwa 117, jumla ilikuwa 234, inayogawanyika kwa 6. Mwamuzi alipaswa kuwaamuru wauzunguke wavu na kubadilishana upande, kwa mara ya 39.